Uzi Haukai Uchi

Mwalimu alikuwa hawezi kupita penye kosa akaliacha salama. Kwenye mfuko wa shati lake, upande wa kushoto, kilikaa kipande cha chaki siku zote, hata Jumapili akienda kanisani, na kila shati alilokuwa nalo lilikuwa na doa jeupe hapo ambalo halikusikia sabuni. Siku moja tulishuka naye Kombani, sisi wanafunzi wake watatu, akakuta ukuta wa duka umeandikwa kwa mkaa: "Hapa maji barindi." Akatoa chaki, akaikata ile n, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. Mwenye duka akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Wewe nani, bwana, unayechora ukutani kwangu?"

"Mimi ni mwalimu."

"Wa Kiswahili?"

"La, wa baiolojia."

Mwenye duka akamtazama juu hadi chini. "Basi nenda kasahihishe mijusi, ukuta wangu niachie."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mwalimu hakucheka. Alisema n ilikuwa haina kazi pale, na jambo lisilo na kazi huondolewa.

Ningependa kusema nilimpenda tangu mwanzo, lakini ningekuwa ninaongopa. Kwa miaka minne nilimchukia na kumwamkia kila tulipokutana, shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, na sababu ilikuwa mkeka. Nitafika huko.

Alikuwa mtu wa bara, na alipanga chumba cha uani nyumbani kwa Bibi, mama yake mama yetu, pale Msambweni. Mimi na Dada tulikuwa tukilelewa hapo. Juma lake la kwanza alisimama mlangoni akamwita Dada: "Wewe, kuja hapa!" Bibi akainua uso kutoka kwenye kazi yake.

"Mwalimu, kwetu mtu haitwi kuja. Mtu huitwa njoo."

Mwingine angeona haya au angenuna. Yeye alitoa daftari dogo mfuko wa nyuma, akaandika, akasema, "Asante, Mama. Njoo." Kisha akamgeukia Dada: "Njoo hapa, tafadhali." Daftari hilo lilijaa. Alijifunza kupiga hodi na kungoja aitikiwe, kuuliza hali ya nyumba nzima kabla ya kusema shida yake, na majina ya rangi ambayo hakuwahi kuyasikia kwao. Rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva mpaka ikaelekea weusi, ilimpendeza sana. Alikuwa akiitaja hata mahali isipohitajika. Herufi r na l, hata hivyo, ziliendelea kumpiga chenga mpaka mwisho, na msahihishaji wa ulimwengu mzima akaendelea kuomba "mchere wa kupika wari".

Alikuwa na mambo yake. Alikunywa chai bila sukari na kumhurumia kila mwenye kuitia. Aliogopa kaa. Mtu mzima mwenye vidole kama vipini vya jembe, lakini kaa mdogo akipita uani kando kando, Mwalimu alikuwa juu ya kigoda. Ramadhani alijaribu kufunga ili asile mbele yetu, na kila mwaka saumu yake ilikufa saa sita mchana nyuma ya mlango, tukimsikia akitafuna muhogo polepole kama mwizi. Magharibi alikuja kufuturu nasi bila aibu. Bibi akimuuliza, "Swaumu imekwendaje, Mwalimu?" alijibu, "Ilikwenda, Mama. Haikurudi."

Na alikuwa na kauli yake moja aliyoianzia kila kipindi: "Msikubali neno kwa sababu nimelisema mimi." Tuliipenda kauli hiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni rahisi kuisema kuliko kuivumilia.

Kazi ya Bibi ilikuwa kusuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya mkoma ambao hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Alisuka akizungumza, alisuka akingoja wali uive, alisuka akitembea. Na kila aliposuka pima moja, alikunja pima moja. Mwalimu, ambaye aliweza kutazama mkono wa mtu kwa saa nzima, alimuuliza kwa nini anakunja kabla ukili haujaisha.

"Ukili mpya hauachwi ovyo, Mwalimu. Utakanyagwa na kuku, utajipinda. Ukishajipinda haunyooki tena. Unasuka, unakunja. Mkono huu unazaa, huu unafunika."

Daftari likatoka.

Kesho yake alikuja darasani na kamba nyeupe na mfuko wa maboya ya wavuvi, yale wanayoyakata kwenye ndara kuukuu, mengine ya buluu na mengine mekundu. Akasema atatufundisha jambo lisilokuwamo kwenye silabasi, na kwa hiyo ni tamu. Ndani ya kila seli ya mwili, alisema, mna uzi wa DNA, ambao ndio barua ya urithi. "Ukiunyoosha wa seli moja tu unanishinda urefu mimi, na mimi, mnavyoniona, si mfupi." Nao umo ndani ya kiini kidogo kuliko chembe ya unga. Umeingiaje? Haukusokomezwa. Umezungushwa kwenye vigurudumu vya protini viitwavyo histoni, karibu mara mbili kwa kila kigurudumu, kisha kingine, kisha kingine, maelfu kwa maelfu. Uzi na vigurudumu vyake pamoja huitwa kromatini. Akaizungusha kamba yake kwenye maboya ya buluu, boya baada ya boya, akaishika juu.

"Sasa seli inataka kuzaa. Lazima uzi unakiliwe, ziwe nyuzi mbili. Mashine ya kunakili ikipita, maboya yanabanduka mbele yake. Lakini nyuma yake, pale pale, kabla hamjapepesa jicho, nyuzi zote mbili zinavalishwa tena. Kama ukili wa Bibi. Andikeni: uzi haukai uchi!"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Kwa mwezi mzima wavulana waliamkiana kwa maneno hayo njiani. Yalimfikia Bibi, naye akasema, "Astaghafirullahi, maneno gani hayo mbele ya wasichana?" Akasuka kidogo, akakunja. "Lakini kweli tupu."

Kosa lilikuja mwishoni mwa kipindi. Mwalimu alitengeneza kamba mbili. Moja akairudishia maboya yote ya buluu, yale ya zamani. Nyingine akaivisha maboya mekundu tu, mapya. "Ya zamani yanakaa pamoja upande mmoja," alisema. "Mapya yanakwenda upande wa pili. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni." Alikuwa ametuambia pia kwamba maboya yana alama, na alama hizo huikumbusha seli ya ngozi kwamba ni ya ngozi, na ya ini kwamba ni ya ini. Nikainua mkono.

"Mwalimu, kama alama zote zimebaki kwenye maboya ya buluu, yule mtoto wa mekundu atajuaje yeye ni nani?"

Alinitazama. Akatazama kamba zake. Kengele ilikuwa haijalia bado, na nikaona anaitamani.

"Hilo halimo kwenye mtihani," akasema.

Ndilo jibu baya pekee nililowahi kulisikia kinywani mwake, na lilinipata mimi.

Sasa mkeka. Mama yetu alifariki nilipokuwa kidato cha pili. Aliacha nguo, ambazo ziligawiwa, na mkeka mmoja alioushona kwa mkono wake, wa rangi ya damu ya mzee na kijani. Mahali fulani katikati aliruka chane moja, lile jani jembamba la kusukia, na mchoro ukayumba kabla ya kurudi njiani. Nilikuwa ninalala na kidole changu pale penye kuyumba. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi. Binti akiondoka kwenda kwake, Bibi hufumua mkeka wa zamani wa mama, akazigawa kili zake, zile tepe, mafungu mawili, halafu husuka mpya za kujazia, ikashonwa mikeka miwili ambayo kila mmoja una za zamani na mpya. Alifanyiwa hivyo yeye na nduguze, akawafanyia mama na mama mdogo. Mwaka uliofuata msiba, Dada akaposwa Bodo. Bibi akautandika mkeka uani, akachukua kisu kidogo cha kufumulia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, tayari kupokea fungu langu. Hapo Mwalimu akaingia kutoka shuleni, na Bibi, kwa heshima tu, akamuuliza.

"Mwalimu, wewe msomi. Wasemaje, tugawe?"

Nadhani alitaka kusikia "gawa, Mama" ili roho itulie. Lakini Mwalimu hakujua kuulizwa kwa heshima. Alidhani ameulizwa swali. Akauzunguka mkeka, akasema ni kazi nzuri mno, kuufumua ni kuuharibu. Mkubwa apewe ulivyo, mdogo ashonewe mpya kabisa. "Hata maumbile, Mama, yanafanya hivyo. Cha zamani hakichanganywi. Kinakaa pamoja upande mmoja."

Bibi akabaki na kisu mkononi. Kisha akakirudisha kwenye ala yake.

"Msomi keshasema," akasema. Mimi nikainuka, nikaingia ndani.

Dada akaenda Bodo na mkeka wa mama. Mimi nikashonewa mpya, mzuri, ulionyooka, usio na kosa hata moja. Nilipitisha kidole usiku kucha, sikumpata mtu. Asubuhi Mwalimu alipita na kikombe chake cha chai kavu, nikamwambia shikamoo. Nilitamani chai ile imuunguze.

Hakuwahi kujua, au ndivyo nilivyodhani. Na si kwamba hakunipa sababu za kumsamehe. Mwaka ule wa fujo, watu wa bara walipokuwa wakitishwa na kufukuzwa pwani yetu, aliondoka na sanduku moja, amejikunja kwenye gari la mizigo ya nazi. Vijana wawili walikuja kuuliza chumba chake ni kipi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango huo huo, ukili mapajani.

"Chumba hiki kina vyombo vyangu," aliwaambia. "Mwanitakia nini, wajukuu zangu? Mmeshaamkia?"

Wakaamkia, wakaenda zao. Alikaa kwenye kizingiti hicho mchana kwa mchana karibu mwezi. Mwalimu alirudi Januari, na sanduku lile lile, amekonda. Watu walimuuliza amewezaje kurudi baada ya yote yale. Alijibu kwamba kidato cha tatu walikuwa hawajamaliza sura ya tano. Bibi alimpa ufunguo na sahani ya wali, akamsahihisha: "Husemi nimekuja, Mwalimu. Waliotoka nyumbani wakarudi, husema nimerudi."

Hili lilinigusa, sitakataa. Lakini mkeka wangu ulikuwa bado mpya.

Wakati huo mimi nilikuwa nafanya kazi hoteli moja ya Diani, chumba cha kufulia. Fujo ziliwafukuza wageni, tukarudishwa nyumbani, kisha tukaitwa wachache. Kazi yangu ilikuwa mashuka. Shuka linatoka kwenye mashine ya pasi likiwa la moto, na wawili mnalipokea hapo hapo, pembe kwa pembe, mnakunja. Ukiliacha hata dakika moja linajikunja lenyewe vibaya na linarudi kwenye maji. Mwenzangu alikuwa msichana wa bara, mchangamfu, mdomo haukai.

Mwaka wa tisini na tisa, asubuhi moja, askari wa lango la nyuma alileta mgeni. Alikuwa Mwalimu, na shati lenye doa la chaki, na kitabu kinene alichokifunga gazeti. Alisimama kati ya matenga ya mashuka akitutazama tukipokea na kukunja, kupokea na kukunja, mpaka mwenzangu akaninong'oneza, "Aki, huyu mzee wako ni nani? Anacheki shuka ama anatucheki sisi?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Endelea, endelea, usiache. Litajikunja." Akafungua gazeti la kile kitabu. "Nimekuja kukwambia kwamba nilikosea."

Mikono yangu iliendelea yenyewe.

"Lile swali lako. Mtoto wa mekundu atajuaje yeye ni nani. Lilinikaa kama mwiba. Rafiki yangu wa Nairobi amenipatia kitabu kipya, nimekisoma mara tatu. Nilichofundishwa chuoni watu wamekichunguza tena, wakakiona si kweli. Yale maboya ya zamani hayaendi upande mmoja. Yanagawanyika. Baadhi huku, baadhi kule, bila kuchagua. Kila uzi unapata ya zamani kidogo, na nafasi zilizobaki zinajazwa mapya. Na yale mapya, wanadhani, yanasoma alama kutoka kwa jirani zao wa zamani." Akashusha kitabu. "Walikuwa wakilijua hilo tayari wakati nilipokufundisheni. Mimi nilikuwa sijasoma."

"Haidhuru, Mwalimu," nikasema. "Halikuwamo kwenye mtihani."

Alipokea pigo hilo kama anayestahili. Kisha akasema neno lililofanya shuka linitoke mikononi.

"Lilikuwamo kwenye mkeka. Bibi yako alikuwa sahihi na kisu mkononi, nami nikamzuia kwa jambo nisilolijua. Nilikuona siku ile ulipoinuka ukaingia ndani. Sikuelewa ulichokwenda kulilia. Juzi ndipo nimeelewa, nilipofika ukurasa ule."

Nililia. Nililia pale pale mbele ya mashine, na mwenzangu akashika pembe zote nne peke yake akisema, "Pole dada, pole."

Mwalimu alikuwa anastaafu mwisho wa muhula ule, anarudi kwao moja kwa moja. Alikuwa na orodha ya wanafunzi aliowafundisha kosa lile, majina na mahali walipo, na alikuwa akiwapitia mmoja mmoja. Karani wa Kwale alimcheka. Muuza samaki alimsikiliza kwa adabu akampa changu wawili. Na Bodo alikwishafika. Hayo alinisimulia Dada mwenyewe baadaye. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya matope ya mikoko, na matope yale yana kaa wengi kuliko mchanga. Aliona mtu anakuja, suruali imekunjwa hadi magotini, fimbo mkononi, kila hatua anaruka na kusema "Yesu wangu". Alipofika akakataa maji, akakataa kigoda, akaeleza maboya ya buluu na mekundu kwa mwanamke aliyeacha shule darasa la saba, na akamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo, mama, nakuomba umrudishie mdogo wako nusu ya mama yenu."

Dada akamuuliza, "Kwa nini hakuniomba mwenyewe?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa nimesema," Mwalimu akajibu.

Ijumaa ile, siku yangu ya mapumziko, Dada alikuja na mkeka kichwani. Alinikumbatia mkeka ukiwa kichwani bado, nusura tuanguke sote. Bibi macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini alifumua mwenyewe, kwa kisu kile kile. Kili zilipotoka alizitupa mafungu mawili bila kupapasa, hii huku, hii kule. Dada alitaka kuchagua, Bibi akampiga mkono.

"Hachagui mtu."

Ile yenye kuyumba ikaangukia upande wangu.

Kisha akaanza kusuka mpya. Kwa kuwa haoni rangi, Mwalimu alikaa kando yake kwenye jamvi, mafungu ya chane mbele yake, akimpa moja moja. "Jirani yake ni rangi gani?" Bibi aliuliza, na Mwalimu, kwa fahari yote ya daftari lake, akajibu, "Damu ya mzee, Mama." Bibi alikuwa akipitisha kidole kwenye ukili wa zamani uliotandazwa ubavuni, akisoma, halafu anasuka. Alisuka na kukunja, alisuka na kukunja. Jua lilikuwa limesogea ukutani alipofika mahali akasita. Kidole kikaenda, kikarudi.

"Hapa mwanangu aliruka chane," akasema. "Mchoro umeyumba." Akamgeuzia Mwalimu uso. "Wewe ndiye msahihishaji. Niunyooshe, au niufuate?"

Mwalimu aliutazama ukili. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye chaki, ukakaa hapo, ukatoka mtupu. Akanitazama mimi.

"Ufuate, Mama," akasema.

Bibi akaruka chane moja, akaendelea.